Kartushi Nyepesi za Kalobwe

Aliyenipigia simu kuniambia Kalobwe amekufa ni Besa, dada yake, mulamu wangu wa zamani. Sauti yake imekuwa nyembamba sasa, lakini niliijua kabla hajataja jina. "Mama Chanda, kaka yangu ametuacha. Njoo tulie." Nilienda. Nilikaa chini pamoja na wanawake pale Nchelenge, juu ya mukeka, kitambaa kichwani, nikanyamaza kama inavyotakiwa. Kisha muzee mumoja wa kanisa akasimama kumusifu marehemu. Akasema upande wetu wote wa ziwa hakukuwa na mutu aliyejua bunduki kama Kalobwe. Akasema wazungu walikuwa wanamuuliza yeye risasi gani ya kuchukua. Halafu akashusha sauti, akasema muguu wa ndugu yetu haukuharibiwa na kazi yake, uliharibiwa na mambo ya nyumbani. Mambo ya nyumbani! Miaka yote hii, na mutu yuko ndani ya sanduku, bado wanayapika yale yale. Wanawake wakaangalia chini. Besa akaangalia chini. Mujukuu wangu Mwansa, aliyenisindikiza, akaniinamia sikioni: "Nkambo, mambo gani ya nyumbani?" Sikumujibu pale, maana ningemujibu kwa sauti ambayo ingemuamsha marehemu. Ninamujibu hapa. Sikusoma sana, mukono wangu unatembea polepole kwenye karatasi, lakini sijasahau jina hata moja la mwaka ule, wala neno lililosemwa.

Ulikuwa mwaka ule vita ilipowaka tena Kongo, ng'ambo ya ziwa, na mitumbwi ya Wakongo ikawa inafika kwetu imebeba magodoro na mashini za kushona. Katika wale waliokuja alikuwa Patroni Gaston, muzungu wa Lubumbashi, mufupi, mwenye shingo nyekundu, ambaye maisha yake yote aliwapeleka wageni kuwinda. Vita ilimunyima pori lake, akatafuta pori lingine. Akapata ruhusa, akajenga kambi ya majani ng'ambo ya mto Kalungwishi, pale miti inapoisha na nyika inaanza. Akamuajiri bwana wangu Kalobwe kufuata nyayo na kutunza bunduki. Mimi akaniajiri kupika, kwa sababu nilikulia Kilwa, ile ya Kongo, nikajua Kiswahili chake na tumbo lake. Jiko na chumba cha kulia vilitengwa na ukuta wa matete tu. Kila kitu kilichosemwa mezani kilianguka ndani ya sufuria zangu. Nikipiga bukari, ugali wetu, nasikia. Nikitwanga sombe, yale majani ya muhogo, ninaacha kutwanga ili nisikie.

Na mezani hakukuwa na neno lingine ila risasi. Vita, watu wanakufa ng'ambo, watoto wanalala chini ya mitumbwi iliyopinduliwa ufukoni, na wao: risasi. Wakimaliza supu, Patroni anaweka makopo ya kartushi mezani kama mutu anayepanga karata, na mugeni analeta yake. Kwanza nilifikiri bunduki moja ina risasi yake moja, kama kufuli na ufunguo. Si hivyo. Ile bunduki waliyoitumia sana, Kalobwe aliiita thati-oti-siksi, ilikula kartushi za aina nyingi. Ganda ni lile lile, lakini kichwa kinachoruka kina uzito mbalimbali, na uzito wanaupima kwa greni. Mia moja na hamsini ni nyepesi. Mia moja themanini ni ya katikati. Mia mbili ishirini ni nzito, ndefu, pua yake ya risasi laini imetokeza kama kidole gumba. Nyepesi inakwenda mbio, na haishuki sana njiani; ni ya kupiga sheshe, yule swala wa nyika, aliyesimama mbali kwenye majani mafupi, mwili wake si mukubwa kuliko mbuzi mwenye afya. Nzito inakwenda taratibu, lakini inavunja mufupa na kuendelea. Hiyo ni ya korongo, yule nyama mukubwa kama farasi mwenye pembe zilizopinda nyuma, na ya punda milia, na ya kongoni akisimama vibaya. Kwa pofu, nyama mukubwa kama ng'ombe, kulikuwa na bunduki nyingine, ile kubwa ya tatu-sabini-na-tano, iliyompiga mugeni mumoja begani mpaka bega likawa na rangi ya bilinganya, akaja jikoni kuniomba maji baridi na aibu yake yote.

Kalobwe aliwafafanulia wageni, na Patroni akageuza maneno yake kuwa lugha yao. Ninamuona bado, amesimama karibu na meza, hajakaribishwa kuketi, lakini wote wamemugeukia. "Nyepesi," alisema, "ni kijana anayekuja kuposa. Anakimbia, anapiga hodi kwa nguvu, baba mwenye nyumba akitokea, anaanguka pale pale mulangoni. Nzito ni mama mukwe. Anatembea polepole. Lakini akishaingia, hasimami mpaka ameona chumba cha mwisho."

Nikapiga kelele nyuma ya matete: "Mama mukwe gani? Wako ao wangu?"

"Wote wawili, bibi yangu! Wote wawili ni greni mia mbili ishirini!"

Walicheka mpaka Patroni akakohoa divai. Na mimi nilicheka. Ninaliandika hilo kwa hasira, kwamba nilicheka, kwamba nilimupenda mutu yule akiwa amesimama hivyo na kopo la kartushi mukononi. Alikuwa na sheria yake na hakuivunja: mufuko wa kushoto wa koti ni nyepesi, mufuko wa kulia ni nzito. Wakitoka kwenda nyikani anajaza bunduki kartushi nyepesi. Wakikaribia miti, anazitoa, anaweka nzito, hata kama mugeni anapumua kwa haraka na kukanyaga chini. "Mutu anayesema risasi ni risasi," alizoea kusema, "mupe fimbo awinde panya."

Mimi niliyajua yale yale kwa njia ya kisu. Nyama aliyepigwa kwa kartushi inayomufaa, unamukata vizuri. Tundu linaingia, tundu linatoka, unakula mpaka kwenye ukingo wa tundu. Lakini mukubwa aliyepigwa kwa nyepesi kutoka karibu, ole wako mupishi. Risasi inapasuka kwenye ngozi na kwenye bega, haifiki ndani. Bega linakuwa uji mwekundu, damu imeganda katikati ya nyuzi za nyama, nywele zimesukumwa ndani, na vipande vya shaba vimetawanyika kila mahali. Siku moja Patroni aliuma kipande, akatoa ulimi nje kama mutoto. "Mama Chanda, unataka kunivunja meno?"

"Si mimi, Patroni. Hii aliipika mugeni wako."

Hakukasirika. Alikitoa kile kipande, akakiangalia mbele ya taa, akasema kwa Kifaransa neno ambalo sitaliandika. Alijua. Nataka ieleweke kwamba Patroni Gaston alijua. Meno yake yalijua.

Majani ya nyika yalipokuwa yamekwisha kukauka, Patroni akamuchukua mupishi mwingine, mukimbizi aliyewahi kupika hoteli huko Lubumbashi, na mimi nikarudi Nchelenge na watoto wangu wawili. Sikulia. Samaki walikuwa wanatoka vizuri, chisense, wale dagaa wa kwetu, walitandikwa muchangani mpaka ufuko ukang'aa, na wafanyabiashara walikuwa wanavuka kila siku kutafuta chakula cha kurudisha kwao. Mumoja wao, Ilunga, mutu wa Kilwa niliyemujua toka utoto, alikuwa ananunua chisense kwangu na kuniletea chumvi. Siku moja upepo ulizuia mitumbwi, akakaa barazani kwangu mchana kweupe, mulango wazi, watoto wangu wakicheza miguuni pake, nikamupa bukari kama ambavyo mutu yeyote angempa mutu wa kwao. Besa akapita na beseni kichwani.

"Mulamu," akasema, "mugeni wako anakula vizuri."

"Anakula kama wewe ukija," nikamujibu. "Tofauti ni moja: yeye anasema asante."

Ilikuwa ni utani. Kati ya mulamu na mulamu utani unaruhusiwa. Lakini aliuweka, kama unavyoweka kuni za masika.

Kisha gari la Patroni likaja, jua likiwa kichwani, linapiga honi toka mbali. Kalobwe alilazwa nyuma juu ya magunia. Paja lake la kulia lilipasuliwa toka juu ya goti karibu mpaka kiunoni, wamelifunga kwa nguo ya meza niliyokuwa ninaifua mimi mwenyewe. Patroni akaeleza huku anafuta shingo. Walitoka alfajiri kutafuta sheshe nyikani, pamoja na mugeni aliyeitwa Henrik. Hawakupata. Walipokuwa wanarudi wakamukuta korongo dume kwenye ukingo wa miti, karibu sana. Henrik akapiga. Nyama akaanguka magoti, akasimama, akaingia kwenye majani marefu. Kalobwe akafuata damu, na korongo akamutokea ubavuni. Wakamumaliza kwa bunduki kubwa. Na kwa sababu desturi ya kambi ni kwamba anayefuata nyayo nyumba yake inapata mukono wa mbele wa nyama, Patroni alikuwa ameuleta. Bwana wangu upande huu wa gari, bega la korongo upande ule, nzi wanatembea kwa wote wawili.

Hospitali walimushona, na walimushona vizuri, sina neno. Jioni ile nilirudi nyumbani kuwapikia watoto, nikalitandika lile bega juu ya meza. Kisu kilipoingia kwenye ngozi nilijua kabla sijaona. Uji. Damu nyeusi, nywele, na vipande vya shaba vimesambaa kama magamba ya samaki aliyeparuliwa na mutu asiyejua. Mufupa wa bega ulikuwa umepasuka juu juu tu, kama chungu chenye ufa. Hakuna tundu lililokwenda kifuani. Greni mia moja na hamsini, kwa korongo dume, karibu kama toka jikoni mpaka barabarani. Hata mimi mwenye upawa nisingefanya hivyo. Niliviokota vile vipande, nikaviosha, nikavitia kwenye sahani ya bati.

Kesho yake nikamuuliza hospitali, tukiwa wawili tu. "Kalobwe, ulibadilisha kartushi?"

Aliangalia ukuta. "Tulitoka kwa ajili ya sheshe."

"Ninajua mulitoka kwa ajili ya nini. Mulipofika kwenye miti, ulibadilisha?"

"Muzungu alikuwa amekwisha weka jicho kwenye bunduki. Ningemwambia afungue, nyama angekimbia, wangenicheka mezani." Akavuta shuka juu ya bandeji. "Nilisema: piga."

Nilimushika mukono. Sikumukemea. Kila mutu anakosea, na yeye kosa lake lilikuwa limeandikwa kwenye paja lake. Nikafikiri yamekwisha.

Jeraha likaanza kunuka. Homa ikapanda, ikashuka, ikapanda. Wakamuleta nyumbani na dawa za vidonge, na hapo Besa akalitoa lile neno alilokuwa amelitunza. Ncila. Mutu wa bara letu hahitaji kuelezwa, lakini Mwansa amekulia mujini: mwindaji akiwa porini na bibi yake analala na mwanaume mwingine, nyama anapata nguvu juu ya mwindaji. Risasi inakosa kazi. Pembe inajua pa kuingia. Na jeraha halifungi mpaka bibi ataje jina la yule mwanaume mbele ya ukoo, ndipo muganga anaweza kupaka dawa. Akitaja, analipa faini, anasamehewa, anabaki katika nyumba yake. Akikataa kutaja, na mugonjwa akafa, yeye njo aliyemuua.

Patroni alikuja kumuona mugonjwa wake kabla ukoo haujakutana juu ya neno lile. Nilimufuata mpaka kwenye gari. "Patroni, waambie. Kuna risasi yako kwenye sahani yangu. Waambie tu ni kartushi gani iliyopigwa."

Alitafuta funguo mifukoni kwa muda murefu kuliko funguo zinavyotafutwa. "Mama Chanda, ile ni mambo ya mila yenu. Mi siwezi kuingia mule."

"Na mezani pako ilikuwa mila gani? Kila siku mulikuwa munasema nini pale?"

"Ipe familia pole yangu," akasema, akawasha gari. Kwake ncila ilikuwa na faida. Ikiwa kosa ni la bibi wa mutu, si la kambi, si la mugeni, si la kartushi. Kila mutu alikuwa amepata mahali pa kuweka lile jeraha, na mahali penyewe palikuwa mimi.

Tulikaa katika kiwanja cha mujomba wao Mwape, mukubwa wa ukoo, asubuhi. Kalobwe alilazwa kwenye kitanda cha kamba, macho yanamulika kwa homa, lakini akili yake ilikuwa sawa. Aliomba maji, aliuliza habari za mtumbwi wa jirani. Nilikuja na sahani yangu imefunikwa. Tulisema Kibemba siku ile, ninageuza tu.

"Mwanangu," Mwape akaniambia, na sauti yake haikuwa mbaya, "hatutaki kukufukuza. Umetuzalia watoto. Taja jina tu, tumutibu mutu."

"Ilunga," Besa akasema. "Jina lake ni Ilunga. Mulomo wake uwe mukaidi, mimi nina macho."

"Macho yako yaliona mutu anakula bukari, mulamu. Kama bukari inazaa ncila, basi kijiji kizima kimekufa."

Mwanamuke mumoja akacheka, akafunga mudomo kwa mukono. Mwape akapiga fimbo chini. "Jina! Nani amemuumiza bwana wako?"

Nikafunua sahani, nikaiweka miguuni pake. "Mia moja na hamsini. Hilo njo jina lake."

Walitazamana. Waliviangalia vile vipande kana kwamba nimeleta uchawi. Mwape akainama, akakigusa kimoja, akamugeukia Kalobwe. "Mupwa wangu, bibi yako anasema nini? Hii ni kitu gani?"

Kalobwe alijua. Katika kiwanja kizima kulikuwa na watu wawili walioelewa lile jina, na tulikuwa tumelala kitanda kimoja toka ujana. Aliangalia ile shaba. Aliniangalia mimi. Hapo nilimuombea, sikuomba kwa ajili yangu, nilimuombea yeye awe yule mutu aliyesimama karibu na meza. Angesema tu: nilisahau mufuko wa kulia. Watu wangemucheka siku moja. Patroni labda angetafuta mutu mwingine. Basi.

"Risasi ni risasi, mujomba," akasema. "Sijui anasema nini."

Sijawahi kupigwa na mwanaume katika maisha yangu, lakini ninajua namna mutu aliyepigwa anavyojisikia. Besa akaanza kulia kwa furaha, ao kwa huzuni, mimi sijui. Mwape akaniambia mara ya mwisho nitaje jina. Nilisimama. Nikawaambia majina ninayo mengi, ninayakumbuka yote ya watu waliokaa pale, na ya wazazi wao, na kwamba la mwanaume mwingine wa kitandani kwangu sina, na sitakopa jina la Ilunga, mutu asiye na kosa, ili waniachie nyumba. Nikachukua watoto. Kwetu watoto ni wa upande wa mama, hata wao hawakuweza kunizuia hapo. Sahani niliiacha.

Tulikwenda Puta, ufukoni upande huu huu wa ziwa, kwa sababu ng'ambo kulikuwa kunapigwa risasi, na Nchelenge kulikuwa kumejaa midomo. Nilianza tena na chisense, chanja moja ya kukaushia, halafu mbili. Jeraha la Kalobwe lilifunga lenyewe kabla ya mvua kubwa, bila jina, bila dawa ya muganga, kwa vidonge vya hospitali tu. Utafikiri mutu aliona hilo na kusema kitu. Hakuna. Walisema ncila ilitoka nyumbani pamoja na mimi.

Mwisho wa mwaka ule alikuja Puta. Nilimuona toka mbali, anautupa muguu pembeni kila akikanyaga, amejikaza kwenye fimbo. Patroni alikuwa amekwisha kumuachisha kazi hata hivyo. Mutu wa muguu mumoja hafuati nyayo. Alisimama upande wa pili wa chanja, samaki katikati yetu. Watoto walikuwa shule.

"Mama Chanda," akasema polepole, kwa Kiswahili, ili majirani wasisikie. "Ni kweli. Ni mimi. Nilisahau kubadilisha, na niliogopa kusema. Nimekuja kukuambia."

"Hiyo uliniambia hospitali. Mimi ninaijua."

"Basi unataka niseme nini?"

"Hiyo hiyo. Kwa Kibemba. Mbele ya mujomba Mwape na Besa, katika kiwanja kile kile. Njia unaijua. Ukimaliza, njoo, utakuta bukari."

Aliinamisha kichwa kama mutu anayehesabu mwendo. Akasema, "Sawa." Akanifuta vumbi la magamba kwenye mukono, kama zamani, na mimi nilimuacha. Kisha akashika fimbo yake akapanda mpaka barabarani. Pale njia inagawanyika, kusini unakwenda Nchelenge, kwenye kiwanja cha mujomba Mwape, kaskazini unakwenda Chienge. Nilisimama na kisu mukononi, nikimuangalia. Alipumzika kidogo, akatazama huku na huku, akachukua ya Chienge.